Choo cha mwalo na grupu la WhatsApp: uchambuzi wa kisa kimoja cha Ukerewe

Mwalo ninaouzungumzia, yaani ufukwe wa kushushia samaki, uko Ukerewe, kisiwa cha Ziwa Victoria, upande usiotazama mji wa Nansio. Jina lake naliacha kwa makusudi, maana waliohusika bado wanavua pamoja, wanakopeshana na wanazikana. Kisa chenyewe ni cha choo. Wavuvi na akina mama wa dagaa walichangishwa fedha za kujenga choo cha mwalo. Shimo likachimbwa, msingi ukapanda kozi chache, kazi ikasimama, na michango ikaendelea kukusanywa kama kawaida. Miezi iliyofuata jambo hilo lilitoka kwenye minong'ono ya pwani likaingia kwenye simu, na kutoka kwenye simu likaingia mkutano mkuu wa kijiji, ambako ndiko lilikopatiwa jibu. Nalieleza lote kwa sababu tunaposema simu imewapa wananchi sauti, mara nyingi hatusemi ni wananchi gani, wala sauti hiyo ilifika wapi.

Mimi ni mzaliwa wa pale. Ninaishi Kirumba, Mwanza mjini, ninafanya biashara ya dagaa, na nimekuwa ndani ya kundi la WhatsApp la kijiji tangu siku za mwanzo. Kwenye mkutano nilikuwepo pia, ila nilisimama pembeni, na sababu yake ni sehemu ya kisa.

Mwalo na fedha zake

Asiyeujua mwalo wa dagaa aelewe kwanza kwamba maisha yake yanafuata mwezi. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na taa huvuta dagaa kukiwa na giza. Mwezi ukiwa mkubwa dagaa hawakusanyiki chini ya taa, kwa hiyo mitumbwi inapumzika na wavuvi wanabaki nchi kavu wakishona nyavu, wakitengeneza injini na kulipa usingizi. Siku za giza wanaume wanatoka jioni na kurudi alfajiri, na wakifika tu kazi inahamia kwa akina mama. Wao ndio wanaonunua kwa ndoo, wanaanika kwenye mchanga na kwenye chanja, yaani meza za miti za kukaushia, wanageuza, wanaanua na kufunga magunia yanayokuja kwetu Kirumba.

Fedha za mwalo zinapita kwa njia mbili. Kuna ushuru wa halmashauri, unaokatiwa risiti kwenye mashine ya POS. Halafu kuna michango ya kijiji, kama huu wa choo: kila mtumbwi unaoshusha dagaa unatoa kidogo, na kila gunia linaloondoka linatoa kidogo. Mchango huu haukuwa na mashine. Ulikuwa na daftari, na daftari lilikaa kwa mtu mmoja.

Haja ya choo hakuna aliyeipinga. Mwalo usio na choo maana yake watu wanakwenda vichakani au majini, na maji hayohayo ndiyo yanayochotwa kunywa na kupikia. Kipindupindu si kitu cha kusimuliwa kwa watu wa ziwa, tunakijua. Na kwa akina mama wa chanja, wanaoanza kazi alfajiri katikati ya uwanja ulio wazi, kukosa choo kunamaanisha kujibana mpaka giza liingie. Jambo hilo linastahili kuitwa siasa kwa uzito wote wa neno, hata kama hakuna mgombea aliyewahi kulisimamia jukwaani kwa dakika zaidi ya mbili.

Kundi lilivyoanza

Grupu la kijiji lilifunguliwa na kijana mmoja, wakala wa miamala ya fedha, na sababu ilikuwa wizi wa injini. Mtu akiibiwa usiku, picha ya injini na namba zake zinatumwa, na kabla jua halijawa kali mialo ya jirani imeshajua. Baadaye zikaongezeka bei za dagaa Kirumba, taarifa za upepo, misiba na rambirambi. Sheria ziliandikwa juu kabisa: matusi marufuku, picha chafu marufuku, siasa na dini marufuku.

Kwa hiyo mtu wa kwanza aliyeuliza fedha za choo zimefika wapi alijibiwa na admini kwa upole: "Kaka, sheria ya kundi unaijua." Ujumbe ukafutwa. Wapo waliomwona kijana yule mwoga, mimi simlaumu. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kifungu cha 16, inamtaja anayesambaza taarifa za uongo, na adhabu yake ni faini isiyopungua shilingi milioni 5 au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Tangu Januari 2020 laini ambazo hazikusajiliwa kwa alama ya kidole zilianza kuzimwa, kwa hiyo kila ujumbe una mwenyewe na mwenyewe anajulikana. Kijana ana kibanda, ana floti ya watu na ana mke na watoto. Kumtaka asimamie mjadala wa fedha za umma akiwa peke yake, bila kinga yoyote, ni kumtwisha mzigo ambao hata diwani angeuogopa.

Hapa ndipo watu wengi wanaoandika juu ya simu na siasa wanapopita haraka. Wanahesabu makundi na wanachama wake. Hawamtazami admini. Katika vijiji vyetu admini ndiye mlango, na mlango huo unafunguka au kufungwa kulingana na hofu ya mtu mmoja.

Tuangalie pia nani walikuwa ndani. Wenye mitumbwi, walimu, watumishi wachache, vijana wa kambi za wavuvi wenye simu janja, na sisi wazawa tulioko Mwanza, Geita na Dar es Salaam. Usiku wa maongezi makali, sisi wa nje ndio tulioandika zaidi kuliko wote. Tuna bando, tuna umeme, tuna muda wa kukaa na simu. Mvuvi yuko ziwani mtandao umekata. Akirudi alfajiri anakuta ujumbe mamia kwa mamia, amechoka, analala. Mama wa chanja ana kitochi, simu ndogo isiyo na WhatsApp. Walioumizwa na choo kilichosimama ndio waliosikika kwa nadra, na waliosikika kila usiku hawakuwa na haja ya kukitumia choo hicho.

Sauti ya Novemba

Wakati wa kampeni za serikali za mitaa, zilizofanyika kuanzia tarehe 20 hadi 26 Novemba 2024, admini alilegeza marufuku. Wagombea waliongezwa kwenye kundi na kila mmoja akatuma maneno yake. Aliyekuja kushinda uenyekiti tarehe 27 alituma ujumbe wa sauti, mfupi, upepo wa ziwa ukisikika nyuma yake. Alisema akipewa nafasi, choo cha mwalo kitakamilika kabla ya masika.

Masika ya 2025 yalikuja yakapita, na msingi ukaota majani. Siku moja mvuvi mmoja, mtu asiyependa maneno, akapandisha juu ile sauti. Hakuandika kitu chochote chini yake.

Katika maisha yangu yote kijijini sikuwahi kuona ahadi ya kampeni ikirudi kwa mwenye nayo namna ile. Zamani ahadi ilikaa vichwani, na kila mtu aliikumbuka kwa namna yake. Mwenyekiti angeweza kusema hakusema hivyo, na pengine kwa nia njema kabisa. Sasa ilikuwepo na upepo wake. Kama kuna jambo moja ambalo simu imelibadilisha katika siasa ya kijiji, kwa maoni yangu ni hili: mwananchi wa kawaida anatunza kumbukumbu. Kutuma maneno tuliweza tangu zamani, hata kwa barua na kwa redio.

Karatasi ya mapato na matumizi

Muda mfupi baadaye kijana mmoja alikwenda ofisi ya kijiji kuchukua barua ya utambulisho kwa ajili ya NIDA, yaani kitambulisho cha taifa. Akiwa anasubiri barazani akasoma ubao wa matangazo. Ilikuwepo karatasi ya mapato na matumizi, kama utaratibu unavyotaka. Akaipiga picha.

Naieleza karatasi hiyo kwa sababu kila kitu kilifuata kutoka pale. Ilikuwa imeandikwa kwa mkono, kalamu ya bluu, na mhuri wa zambarau uligongwa juu ya tarakimu moja ya jumla kuu, ikabidi watu waikuze picha na kubishana kama ni 3 au 8. Mistari ya matumizi ilikuwa michache: kuchimba shimo, saruji, mchanga, fundi, na "usafiri na posho". Mstari wa mwisho huo ulikuwa mkubwa kuliko saruji.

Ajabu ni kwamba kundi halikuanza na posho. Lilianza na mchanga. Kijiji kimekaa juu ya mchanga, dagaa wenyewe wanaanikwa mchangani, iweje mchanga ununuliwe? Usiku kucha ikawa ni mchanga tu, sauti za Kikerewe, za Kijita, za Kisukuma, hasira juu ya hasira. Sisi wa mjini tuliwaka kuliko wote. Hakuna hata mmoja aliyempigia fundi.

Baadaye, mkutanoni, fundi alieleza kwa dakika chache. Mchanga wa ufukweni haufai kwa zege ya choo. Ulioandikwa ulisombwa kutoka bondeni ndani ya kisiwa, na alikuwa na majina ya wasombaji. Mstari wa mchanga ulikuwa halali. Ule wa posho ndio uliokosa hata risiti moja. Kundi zima lilikesha likiupiga mstari ulio safi na kuuacha mchafu ukipumzika. Natilia mkazo jambo hili kwa sababu picha ile ilikuwa ya kweli, haikuchezewa, na bado ilitupeleka pasipo. Kuona karatasi kulitupa swali. Jibu lilikuwa kwa watu, na watu hao walikuwa umbali wa simu moja ya kawaida.

Halafu ukaja uongo kamili. Mtu akarusha picha ya nyumba nzuri yenye bati la rangi akasema ndiyo anayojenga mwenyekiti Nansio. Siku ya pili ikajulikana kuwa picha ile ilishawahi kuzunguka kwenye makundi mengine na nyumba si ya Ukerewe kabisa. Madhara yalikuwa makubwa. Mwenyekiti, aliyekuwa amebanwa na ujumbe wake mwenyewe na karatasi ya ofisi yake mwenyewe, sasa akapata sababu ya haki ya kukasirika. Akatuma ujumbe mmoja kwamba atakwenda polisi, akajitoa. Mtendaji, yaani afisa mtendaji wa kijiji, akabaki, kimya, akisoma tu. Admini akafunga kundi, wakawa wanaoweza kuandika ni maadmini peke yao. Kwa siku kadhaa ilionekana kisa kimeishia hapo, na mtu anayepima ushiriki wa wananchi kwa kelele za mtandaoni angeandika kwamba kimeishia hapo.

Swali la shangazi

Shangazi yangu anaanika dagaa pale na simu yake ni kitochi. Nilimpigia kumjulia hali, shikamoo shangazi, marahaba mwanangu, dagaa wanaendeleaje, na kabla sijaanza mimi akanieleza yote: karatasi, mchanga, nyumba ya bati, kujitoa kwa mwenyekiti. Hakukosa hata kimoja. Binti wa jirani mwenye simu janja huwaketisha kivulini mchana, dagaa wakiwa wanakauka, akawasomea na kuwawekea sauti kwa spika. Kwa hiyo takwimu za kundi zingeonyesha wanawake wachache mno, ilhali chanja nzima ilikuwa inafuatilia. Wasichokuwa nacho ni njia ya kujibu.

Nikamuuliza yeye analionaje. Akasema, "Ninyi mnahesabu saruji. Mlango wa choo chenyewe utaelekea wapi?"

Msingi ulikuwa umepigwa karibu na kambi ya wavuvi, ukitazama kilabu cha pombe. Mama wa chanja asingekwenda pale usiku, wala hata jioni. Choo kikikamilika kama kilivyopangwa, fedha zote zikiwa zimetumika kwa uaminifu, senti kwa senti, bado nusu ya waliokichangia wasingekitumia. Katika maneno yote yaliyorushwa kundini, sikuwa nimeona swali hilo hata mara moja. Akina mama hao ndio waliotoa mchango kwa kila gunia.

Tunapenda kusema simu imewafikia wanawake wa vijijini. Ni kweli imewafikia kusikia. Kusemwa kwa mambo yao ni habari nyingine, na katika kisa hiki hata kiini cha jambo, yaani choo kiwe wapi na kitumiwe na nani, kilikuwa kwao na si kwetu.

Barua

Kilichofungua tena mlango hakikuwa ujumbe. Akina mama wa chanja, ambao wana kikoba chao na wamezoea kuandika na kutia saini, waliandika barua kwa mkono kuomba mkutano mkuu wa kijiji. Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982 kwa mamlaka za wilaya inaupa mkutano huo, wenye kila mkazi aliyetimiza miaka 18, nafasi ya juu kabisa katika mambo ya kijiji, na utaratibu ni ufanyike kila miezi mitatu. Wao mkutano wao ulikuwa umerukwa. Walioweza kuandika walitia saini, wengine wakaweka dole gumba, wazee wawili wa mwalo wakaongeza yao. Barua ikapelekwa kwa mtendaji na nakala ikagongwa mhuri wa kupokelewa.

Binti yuleyule akaipiga picha nakala yenye mhuri na kumtumia admini. Admini akaiweka kundini. Hakuwa na hofu nayo, na hapo unaona tofauti: haikuwa tuhuma, ilikuwa ni barua halali iliyopokelewa ofisini kwa tarehe inayosomeka. Kwa mtazamo wangu picha hiyo ilifanya kazi kubwa kuliko ile ya mapato na matumizi. Ya kwanza ilitupa la kusema. Hii ilimpa mtendaji la kujibu, na kila mtu alijua kwamba anadaiwa jibu.

Ofisi ikapanga tarehe, na tarehe ikaangukia siku za giza. Hapo kundi lilifanya kazi yake safi kabisa. Wavuvi, wale wasiopenda maneno, walituma sauti fupi fupi: siku hiyo tuko ziwani, tupeni siku za mwezi. Mtendaji, kwa mara ya kwanza, akaandika. Tarehe ikasogezwa. Bila simu mkutano ungefanyika kwa wakati wake wa kiofisi, nusu ya wanaume wangekuwa majini, akidi ingetiliwa shaka, na lolote ambalo lingeamuliwa lingepingwa kirahisi.

Kuita watu nako kulipita njia zote. Mgambo alizunguka na filimbi. Kundi likatangaza. Na akina mama wakapigiana kwa kitochi, mmoja akimwambia mwenzake, mpaka kambi za mbali. Njia hii ya mwisho, isiyohitaji bando, ndiyo iliyowaleta wengi, nionavyo mimi kwa namna walivyokaa makundi kwa makundi kufuata kambi zao.

Mkutano

Ulifanyika uwanja wa shule. Kijana mmoja alisimama na simu akataka kusoma hoja za wazawa walioko Dar es Salaam. Mwenyekiti akamkatalia: hao si wakazi, hawana kura hapa. Watu waliguna, lakini alikuwa sahihi. Mkutano mkuu ni wa wakazi. Ndiyo maana nilisimama pembeni na sikunyoosha mkono. Sisi tulioandika zaidi kuliko wote hatukuwa na neno hata moja siku ya maamuzi, na naona ilikuwa haki. Mtu anayekaa mbali anaweza kutoa taarifa, anaweza kuchangia saruji, anaweza kumtia moyo aliye pale. Kuamua choo cha watu wengine si kazi yake, hata awe na uchungu kiasi gani.

Ile sauti ya Novemba ilipigwa mbele ya watu, simu ikiwa imeshikwa karibu na kipaza sauti. Mwenyekiti akasikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Ni yangu, siikatai." Kwa maneno hayo alipata heshima zaidi kuliko alivyoipata kwa ujumbe wake wa polisi, na hasira ya uwanja ikashuka, kazi ikaweza kufanyika. Fundi akaeleza mchanga. Mstari wa posho ukakosa mtetezi. Waliochukua wakaandikwa warudishe, kidogo kidogo. Suala la nyumba ya bati liliulizwa mara moja, likajibiwa, likazikwa.

Akina mama walisema habari ya mlango. Hawakuwa na mzungumzaji mmoja. Mmoja akianza, mwingine anamalizia. Mwalo wote ukanyamaza maana wanaume wengi hawakuwa wamewahi kulifikiria. Ikaamuliwa msingi ubaki, kwa kuwa fedha zimeshaingia, ila milango ya upande wa wanawake igeuziwe upande wa chanja na ukuta wa kuzuia kambi ujengwe. Kamati mpya ikachaguliwa, wanawake wakiwemo. Michango ikaamuliwa ipite kwenye lipa namba, yaani namba ya kupokelea malipo kwa simu, ili kila anayetoa abaki na ujumbe kwenye simu yake, hata kama ni kitochi. Yote yakaingia kwenye muhtasari.

Kilichosemwa kundini kwa wiki nyingi hakikuingia kwenye muhtasari mpaka mkazi aliposimama akakisema kwa mdomo wake. Hapo ndipo ninaposimama katika uchambuzi huu. Simu ilitunza ahadi, ikatoa karatasi ubaoni, ikasogeza tarehe, ikaita watu. Ilishindwa kupima ukweli wa mstari wa mchanga, ikambeba mwongo wa nyumba bila kumuuliza, na haikuamua hata jambo moja. Palipokuwa na chombo cha kuamua, kilichoandikwa kwenye sheria na kinachofahamika na kila mtu, nguvu ya simu ilipata mahali pa kwenda.

Ukubwa mwingine wa jambo hilohilo

Linganisha na tozo ya miamala ya simu. Ilianza tarehe 15 Julai 2021, na mwalo wetu uliihisi siku ileile kwa sababu fedha za dagaa zinatembea kwa simu. Watu walilalamika kwenye simu zilezile zilizokatwa tozo, redioni, mitaani, na wengi wakarudi kubeba fedha mkononi, jambo la hatari kwa mfanyabiashara anayevuka maji. Septemba mwaka huo serikali ikaipunguza kwa asilimia 30, na kuanzia Oktoba 2022 baadhi ya tozo zikaondolewa. Sauti ilisikika. Lakini mwanakijiji hakuwa na uwanja wa shule wa kusimama na kuuliza mstari kwa mstari fedha zilizokwisha kukatwa zimefanya nini. Alilalamika, akasubiri, akatangaziwa. Kadiri jambo linavyokwenda juu, ndivyo simu inavyobaki kuwa chombo cha kulalamikia, kwa sababu mahali pa kuamulia pako mbali na mwenye simu.

Na chombo chenyewe swichi yake haiko mikononi mwetu. Oktoba 2020, siku za uchaguzi mkuu, mitandao ya kijamii ilibanwa. Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi mkuu mwingine, intaneti ilizimwa nchi nzima na ilirejea tarehe 3 Novemba. Siku hizo grupu la kijiji lilikuwa limekufa. Hakuna bei, hakuna taarifa za injini, hakuna kujua ndugu wa mjini wako salama isipokuwa kwa kupigiana. Niseme wazi: kuwakatia watu mawasiliano siku wanapoyahitaji kuliko siku zote ni kuwakosea, na mtu mwenye ndugu ng'ambo ya maji anaujua uchungu wake. Kamati ya choo haikusimama siku hizo. Ilikuwa na muhtasari, ilikuwa na daftari jipya lenye kurasa zilizopewa namba, na wajumbe wake wanaonana kila siku mwaloni. Kama kazi ile ingekuwa inaendeshwa kundini peke yake, ingezimika pamoja na mtandao.

Kilichobaki

Choo sasa kina bati na milango, na upande wa wanawake unatumika. Ukuta wa kambi bado uko nusu.

Lipa namba imeleta swali jipya ambalo mkutano haukuliona. Laini ya kupokelea fedha inatakiwa iwe na mwenyewe, aliyesajiliwa kwa kitambulisho na kidole. Mweka hazina aliyechaguliwa ni mmoja wa akina mama wa chanja, na namba yake ya NIDA ilikuwa haijatoka, kama ilivyo kwa wengi pale. Hata kitochi chake kimesajiliwa kwa jina la mwanawe. Kwa hiyo laini ikafunguliwa kwa jina la kijana mjumbe wa kamati. Ni mwaminifu, hakuna anayemsema. Ila ujumbe wa kila mchango unaingia kwenye simu yake, na mweka hazina anasomewa, kama alivyokuwa anasomewa habari za kundi. Daftari lililokaa kwa mtu mmoja limekuwa laini iliyokaa kwa mtu mmoja, tofauti ni kwamba sasa mtoaji ana ushahidi wake mkononi. Hilo si dogo, na halitoshi.

Kamati imependekeza mambo mawili kwa mkutano ujao, ambao safari hii umepangwa siku za mwezi tangu mwanzo. Kwanza, taarifa ya lipa namba isomwe kwa sauti pale kwenye chanja kila mwisho wa giza, mbele ya waliotoa. Pili, laini ihamishwe kwa mweka hazina mara namba yake ya NIDA itakapotoka. Shangazi ameniambia wao watasimama na hoja ya tatu, kwamba nakala ya muhtasari ibandikwe mwaloni, kwa sababu ubao wa ofisi uko mbali na hakuna anayeacha dagaa juani kwenda kuusoma.